Somatostatini, breki ya homoni ya ukuaji

Somatostatini ni mnyororo mfupi wa asidi amino 14, unaotengenezwa na seli za neva zilizo katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu kidogo ya tezi ya pituitari. Kemikali za namna hii, ambazo seli za neva huzitumia kupelekeana habari na kuamrisha viungo vingine, huitwa neuropeptidi. Amri kuu ya somatostatini kwa pituitari ni hii: punguza homoni ya ukuaji. Kwa sababu ya amri hiyo, peptidi hii imezaa dawa ya mojawapo ya uvimbe unaoota ndani ya tezi hiyo.

Tezi yenyewe ina uzito wa nusu gramu hivi. Imelala katika kishimo cha mfupa nyuma ya pua, chini kabisa ya mahali ambapo neva za macho hupishana. Neuropeptidi hazizunguki mwili mzima ili kuifikia. Humwagwa katika mishipa midogo ya damu inayoteremka kutoka haipothalamasi, mwendo wa milimita chache tu, na ndiyo maana kiasi kidogo mno hutosha. Kwa seli zinazotoa homoni ya ukuaji, peptidi mbili hufika kwa njia hiyo: moja huchochea, nyingine, yaani somatostatini, huzuia.

Aliyezuia alijulikana kabla ya mchochezi, tena bila kutafutwa. Mwaka 1973 Paul Brazeau, Roger Guillemin na wenzao katika taasisi ya Salk, California, walikuwa wakichambua haipothalamasi za kondoo wakitafuta peptidi chochezi. Walitarajia kwamba seli za pituitari walizozikuza maabarani zingemwaga homoni zaidi zikitiwa dondoo ya haipothalamasi hizo. Zikamwaga pungufu. Wengine wangelidhani jaribio limeharibika. Wao wakaamua kukisaka kile kilichokuwa kikizuia, wakakisafisha na kusoma mpangilio wa asidi amino zake. Mwaka 1977 Guillemin alipata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa peptidi za ubongo, pamoja na Andrew Schally, mshindani wake wa miaka mingi. Nusu nyingine ya tuzo ilikwenda kwa Rosalyn Yalow, aliyebuni pamoja na mwenzake njia ya kupima viwango vidogo vya homoni katika damu.

Peptidi chochezi ilichelewa hadi mwaka 1982, nayo haikupatikana kwenye ubongo. Ilitolewa katika uvimbe wa kongosho wa wagonjwa waliokuwa na dalili zote za akromegali, ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi mwilini. Uvimbe huo ulikuwa ukiitengeneza peptidi hiyo kwa wingi na kuiamrisha pituitari kutoka mbali. Wagonjwa kama hao ni wachache sana. Akromegali ya kawaida hutokana na uvimbe wa pituitari yenyewe.

Ugonjwa huo ulipewa jina na daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886. Huja polepole kiasi kwamba mgonjwa na watu wa nyumbani kwake hawaoni mabadiliko. Pete haivuki tena kifundo cha kidole, na kila baada ya muda lazima inunuliwe namba kubwa zaidi ya viatu. Taya husogea mbele na meno huachana, sauti huwa nzito, na jasho hutoka hata kukiwa na baridi. Mara nyingi picha za zamani humfumbua daktari macho kuliko maelezo ya mgonjwa. Uvimbe ukikua kuelekea juu hubana neva za macho, na mgonjwa hupoteza uwezo wa kuona vitu vya pembeni. Ukianza utotoni, kabla mifupa haijafunga, huleta urefu wa ajabu: Mmarekani Robert Wadlow alifikia sentimita 272 kabla ya kufariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22.

Uvimbe huu kwa kawaida si saratani. Katika takriban wagonjwa wanne kati ya kumi, chanzo ni badiliko dogo la jeni ndani ya seli moja ya tezi: protini inayopokea amri ya peptidi chochezi na kuipitisha ndani hubaki imewaka daima, kana kwamba amri haikomi. Jambo la kushangaza ni kwamba vipokezi vya somatostatini mara nyingi hubaki vizima juu ya seli hizo. Seli imeharibika upande wa kuchochewa, lakini bado husikia ikizuiwa. Tiba yote ya somatostatini imejengwa juu ya ukweli huo.

Hata hivyo somatostatini ya asili haifai kuwa dawa ya kila siku, maana vimeng'enya huikatakata ndani ya dakika tatu hivi. Wakemia wa kampuni ya Sandoz huko Basel, Uswisi, walianzia kwenye ukweli kwamba asidi amino nne tu za katikati ndizo zinazoshika kipokezi. Wakazibakiza hizo, wakafupisha mnyororo hadi asidi amino nane, na baadhi yake wakazigeuza umbo ili vimeng'enya visizitambue. Matokeo yake ni oktreotidi, iliyotangazwa mwaka 1982, ambayo hukaa katika damu kwa saa moja na nusu hivi kabla ya nusu yake kutoweka. Baadaye ilitengenezwa sindano ya msuli inayodumu mwezi mzima.

Upasuaji kupitia puani ndio tiba ya kwanza kwa wengi. Oktreotidi hufuata pale homoni inapobaki juu. Kwa wagonjwa wengi homoni hushuka, na kwa baadhi uvimbe husinyaa. Inayoipokea hasa ni aina ya pili kati ya aina tano za vipokezi vya somatostatini, hivyo uvimbe wenye vipokezi vichache vya aina hiyo hauitikii vizuri. Kibofu cha nyongo nacho hutii amri hiyo hiyo na kulegea, na vijiwe vya nyongo ni madhara yanayojulikana sana ya dawa hii.

Uvimbe mwingine wa pituitari una mambo yake. Ule unaotoa prolaktini, ambao ni wa kawaida zaidi, hudhibitiwa na dopamini, ambayo si peptidi, na dawa zake ni za mkondo huo. Ule wa ugonjwa wa Cushing hujaza mwili homoni ya kotisoli, na kotisoli hiyo hupunguza vipokezi vya aina ya pili, ndiyo maana oktreotidi hufua dafu kwa nadra. Aina ya tano hubaki, na pasireotidi, iliyoidhinishwa mwaka 2012, huishika vizuri. Lakini kongosho nalo lina vipokezi hivyo kwenye seli za insulini, kwa hiyo sukari ya damu ya mgonjwa hupanda na lazima ipimwe mara kwa mara tangu wiki za mwanzo za tiba.