Nywila, Uimara na “Kamusi”: Istilahi za Programu ya Kupima Nywila

Katika ofisi moja mjini Same, ndugu mmoja mtunza kumbukumbu alitakiwa na kompyuta aweke nywila mpya. Aliandika neno la Kiingereza, na kompyuta ikalikataa kwa ujumbe wa Kiingereza. Mwenzake akamfasiria hivi: “Neno lako limo katika kamusi.” Basi ndugu huyo akafungua kamusi ya Kiswahili iliyokuwapo mezani, akalitafuta neno “Mkomazi”, jina la hifadhi ya taifa ambayo sehemu yake imo wilayani humo. Hakuliona. Akaliandika, kompyuta ikalikubali, naye akaendelea na kazi akiamini kuwa majalada ya wananchi yamefungwa kwa kufuli imara.

Tuliposimuliwa habari hiyo tulitambua kuwa mfasiri alifasiri sawasawa maneno aliyoyaona, lakini msomaji alipata maana isiyokusudiwa. Jambo hili latuhusu sote tunaoshughulika na istilahi. Katika makala hii tumekusudia kueleza jinsi programu ya kupima nywila inavyojengwa na kujaribiwa, kisha kupendekeza istilahi zitakazomfaa mtumiaji wa Kiswahili.

Kazi ya programu hiyo

Haja ya kupima nywila haikuanza leo. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Marekani walichapisha uchunguzi wa nywila 3,289 zilizochaguliwa na watumiaji wenyewe. Nywila 2,831, yaani asilimia 86, ama zilikuwa fupi mno, ama zilikuwa za herufi ndogo tupu, ama zilipatikana katika kamusi na orodha za majina. Mtu mwovu aliye na orodha ya namna hiyo hahitaji werevu mwingi: huiamuru kompyuta ijaribu neno moja baada ya jingine.

Programu ya kupima nywila humtangulia mwovu huyo. Mojawapo ni CrackLib, iliyoandikwa na Alec Muffett wa Uingereza. Msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mtungaji, hutolewa wazi ili kila apendaye ausome. Kazi ya kuijenga ina hatua nne. Kwanza, mashine hukaguliwa kama ina vifaa vinavyotakiwa. Pili, msimbo chanzo hugeuzwa kuwa amri zinazoeleweka na mashine. Tatu, orodha ya maneno hupangwa na kufungwa katika faili ambalo programu yaweza kulipekua kwa haraka. Nne, programu hujaribiwa kwa kupewa nywila ambazo majibu yake yanajulikana tangu mwanzo.

Ikishajengwa, programu hukataa nywila iliyo fupi mno, yenye herufi chache zinazojirudia, au iliyofuata mpango dhahiri kama “abcdef”. Zaidi ya hayo, huilinganisha na orodha yake: huisoma mbele na nyuma, hupunguza herufi chache za mwanzo au za mwisho, na huweka herufi mahali pa tarakimu inayofanana nayo, kama vile o mahali pa 0.

Jaribio letu

Tuliijenga programu hiyo kutoka msimbo chanzo, tukitumia orodha ndogo ya Kiingereza inayofuatana nao, yenye maneno yapatayo 50,000. Tukaipa maneno matatu ambayo mkazi yeyote wa Same angeyakisia: “tangawizi”, zao mashuhuri la milima ya Upare, “kisiwani”, ambalo pia ni jina la kata, na “mkomazi”. Yote yalikubaliwa. Kwa programu isiyojua Kiswahili, “tangawizi” ni herufi tisa zisizo na maana.

Ndipo tulipoongeza orodha ya maneno ya Kiswahili pamoja na majina ya mahali, tukajenga upya. Safari hii yote matatu yalikataliwa, na hata “tangawizi1” haikupita. Hata hivyo, “tulivyopendana” ilikubaliwa bila pingamizi. Sababu yake mwalimu wa sarufi ataijua mara moja: kamusi huingiza kitenzi “penda”, wala haiingizi nakupenda, tunapendana, wasipopendwa na maelfu ya maumbo mengine yatokanayo na viambishi. Kupunguza herufi chache za kandokando hakutoshi kulifikia shina. Kwa hiyo orodha ya Kiswahili iliyo kamili haiwezi kunakiliwa tu kutoka katika kamusi; hapana budi izalishwe kwa kanuni za sarufi, na kazi hiyo yahitaji walimu wa lugha kama inavyohitaji mafundi.

Istilahi tatu za kuangaliwa

Ya kwanza ni jina la kitu chenyewe. Yako maneno mawili yanayoshindana: “nenosiri” na “nywila”. “Nenosiri” laeleweka upesi, nayo ni sifa njema ya istilahi. Lakini lina hatari: humwelekeza mtumiaji achague neno, na neno ndilo linalokisiwa kwanza. “Nywila” halina deni hilo, kwani laweza kuwa fungu la maneno kadhaa au mchanganyiko wa herufi. Kwa sababu hiyo twapendelea “nywila”.

Ya pili ni ile sifa inayopimwa. Wengine huandika “nguvu ya nywila”. Kwa Kiswahili nguvu ni ya mtendaji, kama vile mtu, ng’ombe au mashine. Kufuli au ukuta unaostahimili kuvunjwa twauita imara. Nywila nayo haitendi neno, bali hustahimili kukisiwa. Yafaa basi kusema “uimara wa nywila”, na kinyume chake “nywila dhaifu”.

Ya tatu ndiyo iliyompoteza ndugu yetu wa Same. Kile ambacho mafundi hukiita kamusi hakina fasili, ngeli wala mifano ya matumizi. Ni orodha tupu ya maneno, majina na nywila zilizokwisha kufichuka. Katika mwongozo wake wa mwaka 2017, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani iliagiza nywila zilinganishwe na orodha ya namna hiyo, yakiwamo maneno yanayohusiana na huduma yenyewe na jina la mtumiaji. Kuiita orodha hiyo “kamusi” ni kumwambia mtumiaji kuwa lolote lisilomo katika kitabu ni salama.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza istilahi zifuatazo:

Nywila: mfuatano wa siri wa herufi, tarakimu au maneno unaomtambulisha mtumiaji kwa kompyuta.
Uimara wa nywila: kiasi ambacho nywila hustahimili kukisiwa.
Msimbo chanzo: maandishi ya programu kabla ya kugeuzwa kuwa amri za mashine.
Kujenga programu: kuugeuza msimbo chanzo na kuunganisha sehemu zake hadi programu iweze kutumika.
Orodha ya yakisikayo: maneno, majina na nywila zinazojulikana, ambazo nywila mpya hulinganishwa nazo.

Ujumbe uliotajwa mwanzoni ungefasiriwa hivi: “Nywila hii ni rahisi kukisiwa. Usitumie neno, jina la mtu wala jina la mahali.” Urefu umeongezeka, lakini mtunza kumbukumbu asingefungua kamusi.

Huenda msomaji akaona “yakisikayo” ni neno zito. Tuko tayari kulibadili likipatikana bora, hata kutoka lugha zetu nyingine. “Kitivo” hutajwa kuwa limetoka Kipare au Kisambaa, na leo hakuna chuo kikuu nchini kinachoona ugeni kulitumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewapa watumishi wajibu wa kulinda taarifa za wananchi. Wajibu huo hautimiziki kwa maonyo ambayo mtumishi anayasoma na kuyaelewa vingine. Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi watuletee maoni yao, pamoja na majina ya mahali pao na maneno wayatumiayo kila siku, ili yaingizwe katika orodha kabla mwovu hajayaingiza katika yake.