Zanzibar: malaria ikipunguka, kazi inaongezeka

Kwa wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo, malaria ni ugonjwa wa kila siku. Lakini kuna visiwa ambako wagonjwa wamepunguka mpaka waganga wanaweza kumfuata kila mumoja nyumbani kwake: Unguja na Pemba, huko Zanzibar, inchini Tanzania.

Wamefika hapo namna gani? Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto za malaria. Nyuma yake vikagawanywa vyandarua vyenye dawa, nyumba zikapulizwa dawa ya kuua mbu. Malaria ikashuka mpaka chini ya mutu 1 kwa watu 100 wanaopimwa katika jamii.

Hapo kazi ikabadilika. Mutu akipimwa na kukutwa na malaria, kituo cha afya kinatuma habari kwa simu. Afisa wa wilaya anaenda kwa mugonjwa, anapima watu wote wa nyumba na kuuliza: nani alisafiri siku hizi?

Swali hilo lina maana, juu wagonjwa wengi wanakuwa wametoka safari ya Tanzania bara. Boti toka Dar es Salaam inachukua karibu masaa mawili tu. Msafiri anaweza kubeba vimelea bila kusikia homa. Mbu wa kisiwani akimuuma, kisha siku kumi hivi mbu huyo anaweza kuambukiza majirani. Wakaaji wa Idjwi wanajua jambo hilo: maji yanazunguka kisiwa, lakini hayakifungi.

Zanzibar ilishaona hasara ya kuacha mapema. Kampeni iliyoanza 1957 ilishusha malaria sana. Mwaka 1968 ikasimamishwa, na ugonjwa ukarudi. Hatari yake ni hii: watoto waliokulia mahali pasipo malaria hawana mwili uliouzoea ugonjwa. Ukirudi, wakubwa kwa wadogo wanaugua vikali.

Huku Kivu wagonjwa wangali wengi, haiwezekani kumfuata kila mumoja. Lakini msingi ni ule ule: kulala ndani ya chandarua, kupima damu mbele ya kumeza dawa, na kituo cha afya kuandika kila mugonjwa na kutuma hesabu kila juma. Na siku hesabu hiyo itakaposhuka, usitoe chandarua kitandani.