Dawa ya degedege yaweza kuzima pumzi ya mtoto mgonjwa

MTOTO mwenye malaria kali anapofikishwa hospitalini akiwa amepoteza fahamu na mwili ukimtetemeka, mzazi hutaka kwanza aone degedege limekoma. Muuguzi naye hutaka hivyo. Hata hivyo, utafiti uliofanyika katika mwambao huu ulionyesha kuwa kuzuia degedege si lazima kuokoe maisha.

Utafiti huo ulifanyika Kilifi, Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Watoto 340 wenye malaria ya ubongo waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walichomwa sindano moja ya fenobabitoni, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, na waliobaki wakachomwa sindano isiyo na dawa. Lengo lilikuwa jema: fenobabitoni ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na degedege la mara kwa mara huweza kuudhuru ubongo.

Degedege lilipungua kweli. Watoto waliolipata mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 11 katika kundi lililopewa dawa, ikilinganishwa na asilimia 27 katika kundi la pili. Lakini vifo vilikuwa 30 kwa 14, na vingi zaidi vikiwa katika kundi lililopewa dawa.

Sababu yake ni kwamba dawa hizi hutuliza ubongo wote, pamoja na sehemu inayoongoza upumuaji. Waliokuwa hatarini zaidi ni watoto waliopewa pia diazepamu mara tatu au zaidi, kwani nguvu za dawa hizo mbili hujumlishana. Penye mashine ya kupumulia, pumzi ikikatika mtoto husaidiwa. Wodi nyingi za wilaya hazikuwa nayo.

Muheza nayo imo katika historia ya tafiti za aina hii. Hospitali Teule ilishiriki utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika na kutoa matokeo mwaka 2010. Waliotibiwa kwa atesunati walifariki asilimia 8.5, na waliotibiwa kwa kwinini asilimia 10.9. Jambo ambalo halikutangazwa sana ni kwamba hata degedege lililotokea baada ya kulazwa lilikuwa pungufu kwa waliopewa atesunati: asilimia 8.3 dhidi ya 10.1. Ugonjwa wenyewe ulipotibiwa vizuri zaidi, degedege lilipungua bila upumuaji kuguswa.

Haina maana kwamba mtoto aachwe akitetemeka. Degedege likipita dakika tano hutakiwa kukomeshwa, kwa kawaida kwa diazepamu kupitia mshipa au njia ya haja kubwa. Huko Mulago, Kampala, utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa midazolamu inayowekwa ndani ya shavu hufanya kazi vizuri zaidi ya diazepamu ya njia ya haja kubwa. Kabla ya kurudia dozi hupimwa sukari katika damu, kwa kuwa sukari ikishuka huleta degedege ambalo dawa hizi haziliponyi. Mfuko na kinyago cha kumsaidia mtoto kupumua huwekwa karibu na kitanda.

Baadhi ya jamii za pwani zimekuwa zikiamini kuwa degedege huletwa na dege au pepo, na kwamba sindano humuua mtoto mwenye hali hiyo. Matokeo ya Kilifi hayaungi mkono imani hiyo. Yanahusu dawa moja, kwa dozi moja, kwa watoto wasio na fahamu.

Hatari kubwa zaidi huwa njiani. Mtoto kutoka vijiji vya milima ya Amani huweza kupewa diazepamu katika zahanati, kisha akaipata tena mapokezi hospitalini kwa sababu hakuna aliyeuliza. Karatasi ya rufaa yenye jina la dawa, kiasi na saa iliyotolewa ndiyo inayomwonyesha daktari amebakiwa na nafasi gani ya kuongeza dozi.