Vizibo vya Nsukka Ukutani London

Kazi za msanii El Anatsui husafiri zikiwa zimekunjwa. Pazia la chuma linaloweza kumeza ukuta mzima wa ukumbi hukunjwa kama khanga, likatiwa sandukuni, likavuka bahari. Kilichoninasa ni kinachofuata: likifika, mara nyingi halina maelekezo ya kutundikwa. Wapi lilegee, wapi lifure, wapi lijikunje, wanaamua wafanyakazi wa jumba la makumbusho.

Malighafi yake ni vifuniko vya chupa za pombe kali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mghana huyu, aliyekuwa mhadhiri huko Nsukka, Nigeria, tangu 1975, aliokota mfuko wa vifuniko hivyo vichakani. Leo karakana yake ina vijana wengi. Wanaviponda viwe bapa, wanavikata vipande vyembamba, wanavisokota. Pete ya shingo ya chupa huwekwa kando, maana nayo ina kazi yake. Kisha hutoboa pembeni na kuunganisha kwa waya wa shaba, kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu. Rangi hazipakwi. Wekundu na dhahabu ni za kiwanda cha pombe, na majina ya vinywaji husomeka ukisogea karibu.

Mwenyewe hueleza kwamba pombe ya namna hii ililetwa na wafanyabiashara wa Ulaya, na kwamba kifuniko kinazifunga pamoja Afrika, Ulaya na Marekani. Husema pia kwamba kitu kilichoguswa na mikono ya watu hubaki na nguvu ya mguso huo. Na kuhusu kutundika, hataki kuwa dikteta.

Oktoba 2023 hadi Aprili 2024 kazi zake zilining'inia Tate Modern, London; moja ilikuwa kama tanga jekundu la merikebu. Jumba hilo lina jina la Henry Tate, aliyetajirika kwa sukari baada ya utumwa kupigwa marufuku, lakini biashara hiyo ilisimama juu ya migongo ya watumwa. Sasa, kuwaachia watu wa majumba ya makumbusho ya Ulaya waamue mikunjo: ni ukarimu, au ni mtihani? Wamezoea kupanga vitu vya Afrika kwenye makabati ya kioo. Je, kitambaa kinachokataa umbo moja kinawabana, au kinawatii tu?

Kuna lingine. Kibao cha ukutani kwa kawaida huwa na jina moja. Ikiwa mguso wa mkono una nguvu anayoisema mzee Anatsui, vijana wa Nsukka nao waandikwe.