Cusco: Safari Ipangwe kwa Mwinuko

Cusco, mji uliokuwa makao makuu ya dola ya Wainka, uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kusini mwa Peru. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kipimo cha karibu ni Mlima Kilimanjaro. Mpandaji wa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, mita 2,720, ndipo kesho yake afike Horombo, mita 3,720. Mgeni wa Cusco hupanda ndege Lima, kwenye ufuko wa Pasifiki, na baada ya saa moja na robo hivi hushuka akiwa amepandishwa zaidi ya mita 3,000 bila kuupa mwili hata usiku mmoja wa kuzoea. Ratiba nyingi za safari ya kwanza huanza na Cusco kwa sababu tu ndege hutua hapo, na huiweka Machu Picchu mwishoni kwa sababu ndiyo yenye sifa kubwa. Naona mpangilio huo umekaa kichwa chini. Nchi ya Wainka iliishi kwa kugawanya kazi kati ya nyanda za chini na za juu, na mgeni anayeanzia chini akamalizia juu hulinda afya yake na huelewa anachokitazama.

Tuanze na mwili. Husemwa kwamba hewa ya milimani haina oksijeni, lakini sehemu ya oksijeni hewani ni ileile asilimia 21 kama ya Tanga au Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao Cusco ni theluthi mbili hivi ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kuuendesha moyo mbio, figo huchukua siku kadhaa kurekebisha hali ya damu, na chembe nyekundu huhitaji wiki kadhaa kuongezeka. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu na usingizi wa kukatikakatika mara nyingi huanza saa 6 hadi 12 baada ya kuwasili. Ndiyo maana mgeni hutembea mchana kutwa akijiona mzima, kisha usiku ukamgeuka. Wengi hupata nafuu baada ya siku moja au mbili. Wachache hujaa maji mapafuni au huvimba ubongo, na hayo huua. Anayekosa pumzi akiwa ameketi, au anayeyumba na kuchanganyikiwa, ateremshwe mara moja, asisubiri kukuche. Madaktari wa milimani hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, kila usiku asilale zaidi ya mita 500 juu ya alipolala jana yake. Ndege ya kutoka Lima huvunja ushauri huo kwa mruko mmoja.

Njia ya kuurekebisha mruko huo ipo karibu. Kutoka uwanja wa ndege wa Cusco gari hufika Ollantaytambo, ndani ya Bonde Takatifu la Mto Urubamba, kwa saa mbili hivi, na mji huo mdogo uko mita 2,800 hivi tu. Kweli barabara ya kupitia Chinchero hupanda kwanza hadi zaidi ya mita 3,700, ila kupita mahali kwa dakika chache si sawa na kulala hapo. Baada ya siku mbili tatu bondeni, treni humteremsha msafiri hadi Aguas Calientes, mita 2,000 na kidogo, chini ya Machu Picchu. Magofu yenyewe yako mita 2,430, karibu mita 1,000 chini ya Cusco, jambo ambalo picha za vilele na mawingu huwafanya wengi wasilidhanie. Baada ya hapo ndipo apande Cusco, mwili ukiwa umekwisha kuonja mwinuko kwa siku kadhaa.

Lakini bonde hilo si chumba cha kusubiria. Hapo ndipo mtu hujifunza jinsi dola nzima ilivyolishwa. Katika Andes mwinuko huamua nini kiote wapi: koka kwenye miteremko ya joto iliyo chini, mahindi kwenye mabonde kama la Urubamba, viazi mviringo juu zaidi, na juu ya mita 4,000 hubaki majani ya kulisha llama na alpaka. Mwanaanthropolojia John Murra alieleza kwamba jamii za huko hazikutegemea masoko kupata mazao ya kila ngazi. Zilipeleka watu wao kuishi na kulima katika kila ngazi, kisha mazao yakagawanywa ndani ya jamii ileile. Ukiyatazama matuta ya Pisac kwa maelezo hayo kichwani, unaona ukuta wa mawe unaozuia udongo, changarawe chini yake za kupitisha maji, na mfereji uliopimwa mteremko kwa uangalifu mkubwa. Mlimani juu ya Ollantaytambo yamesimama maghala, yamepandishwa huko makusudi ili upepo wa baridi utunze nafaka. Viazi navyo viliachwa nje vigande kwa baridi ya usiku, vikakamuliwa maji kwa kukanyagwa na kuanikwa juani, vikawa chuño, chakula kinachokaa kwa miaka. Wakulima wa nyanda za juu bado hukitengeneza. Karibu na Ollantaytambo, huko Maras, maelfu ya vidimbwi bado huvunwa chumvi kutoka chemchemi moja. Asiyeyaona haya atasimama Machu Picchu akishangaa mawe, bila kujua waliolijenga eneo hilo waliishi kwa kula nini.

Kuna watakaosema kwamba tahadhari hii ni ya wazee na wagonjwa, na kwamba watu waliozalisha mabingwa wa mbio ndefu hawana cha kuogopa. Uimara wa misuli haukingi maradhi ya mwinuko. Kijana mwenye nguvu huumia zaidi pengine kwa sababu hutembea haraka mno siku ya kwanza. Mkazi wa Nairobi, mita 1,800 hivi, ana nafuu kidogo kuliko wa Dar es Salaam, lakini Cusco bado iko mita 1,600 juu yake. Aliyewahi kufika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, naye asijidanganye, kwa kuwa mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache. Na kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko wageni wa Ulaya: seli mundu. Mwenye ugonjwa huo asifunge safari hii bila ruhusa ya daktari wake, na hata aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu amuulize daktari, maana upungufu wa oksijeni umewahi kudhuru wengu wa watu wa aina hiyo.

Wengine hutegemea chai ya koka, inayotolewa karibu kila hoteli. Ni halali Peru, ina historia ndefu na heshima yake, lakini haijathibitishwa kuwa kinga, inaweza kuonekana katika kipimo cha dawa za kulevya, na majani yake ni marufuku katika nchi nyingi utakazopitia ukirudi. Dawa ya asetazolamide husaidia kweli, kwa kuwa huharakisha kazi ya figo. Hiyo pia ni ya kushauriana na daktari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa, na haichukui nafasi ya kulala chini.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kihistoria: Cusco ilikuwa kitovu, mfalme wa Wainka Pachacuti aliipanua dola kutoka hapo katika karne ya 15, kwa nini basi kiini kiachwe mwisho? Jibu ni kwamba Cusco ya leo ni vigumu kuisoma kwa jicho lisilofundishwa. Wahispania waliingia mwaka 1533, wakajenga juu ya kuta walizozikuta na kubomoa ngome ya Sacsayhuamán kupata mawe ya makanisa na nyumba zao. Hekalu la jua, Coricancha, likawa msingi wa nyumba ya watawa ya Santo Domingo. Tetemeko la 1950 lilipoibomoa sehemu yake, kuta za Kiinka zilijitokeza, nyingi zikiwa imara. Huko Ollantaytambo, kwa upande mwingine, kazi iko wazi: machimbo ng'ambo ya mto, mawe makubwa yaliyoachwa njiani, na mengine yaliyokwisha kusimamishwa kileleni. Aliyeuona mji huo atautambua mkono uleule katika barabara ya Hatun Rumiyoc, penye jiwe la pembe kumi na mbili, na atajua mara moja ukuta wa Mhispania unaanzia wapi.

Kalenda nayo ina masharti yake. Kiangazi ni Mei hadi Septemba, na usiku wa Juni huwa na baridi kali. Mvua hukaza Januari na Februari. Mafuriko ya Januari 2010 yalikata reli na kuwakwamisha watalii kwa maelfu. Njia ya Inka, ya siku nne kwa miguu hadi Machu Picchu, hufungwa Februari, huruhusu watu 500 kwa siku pamoja na wapagazi, na huvuka mita 4,215, kwa hiyo ifuate mazoea, isiyatangulie. Tiketi za Machu Picchu zina siku, saa na njia maalumu. Zinunuliwe kwanza, kisha ndege ipangwe kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo. Mwenye siku nne tu nchini atasema hana nafasi ya haya yote. Kwake ushauri ni uleule: ashuke bondeni siku anayotua, aione Machu Picchu, na Cusco aipe alasiri moja na usiku mmoja wa mwisho, wakati anaweza kuipanda ngazi ya Sacsayhuamán bila kichwa kumgonga.