Ukumbi Mkubwa na Milango Yake: Mambo ya Kujua Kabla ya Kwenda Tamashani



Msafiri anayetoka Elegu kwa basi huingia Kampala kwa barabara ya Bombo, na kabla ya kufika katikati ya mji hupita Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere. Vijana wengi wa mipakani hushukia hapo. Wengine ni wanafunzi, wengine wamekuja kwa jamaa zao, na nyakati za sikukuu wengi huja kwa ajili ya tamasha. Mzazi aliyebaki nyumbani hujiuliza kama mwanawe atatoka salama katika umati huo. Tumeona vema kueleza jinsi ukumbi mkubwa unavyosanifiwa, kwa kuwa anayejua kazi ya milango yake atajua pia la kufanya pindi mambo yakiharibika.

Kampala imezoea kufanya matamasha yake makubwa katika viwanja vya wazi, kama vile Kololo na Lugogo. Majirani zetu wa Rwanda walichukua njia nyingine. Mwaka 2019 walijenga katika mtaa wa Remera, Kigali, jirani na uwanja wa Amahoro, ukumbi wa ndani wenye nafasi ya watu 10,000. Kampuni ya Summa kutoka Uturuki iliukamilisha kwa takriban miezi sita, na ukazinduliwa mwezi Agosti mwaka huohuo. Tangu mwaka 2022 unaitwa BK Arena. Umepokea mashindano ya mpira wa kikapu ya Afrika, na Desemba 2023 mwanamuziki Kendrick Lamar wa Marekani alitumbuiza humo. Mpaka wa Katuna ulipofunguliwa tena mwaka 2022, safari ya kwenda Kigali kwa basi ilirudi kuwa jambo la kawaida kwa watu wa upande wetu.

Mtu akiingia katika ukumbi wa namna hii huona taa na jukwaa. Msanifu huanza kwingine kabisa: huanza na hesabu ya kutoka. Tutaieleza kwa kifupi.

Uingereza ina mwongozo wa usalama wa viwanja vya michezo, ulioimarishwa baada ya maafa ya Hillsborough ya mwaka 1989 ambayo yaliua watu 97. Kwa mujibu wa mwongozo huo, katika njia tambarare yenye upana wa mita 1, watu 82 wanaweza kupita salama kwa dakika moja. Katika ngazi ni watu 66. Muda wa watu kutoka katika eneo la kutazamia usizidi dakika 8. Basi tuchukue ukumbi wa watu 10,000. Ili wote watoke kwa dakika 8, sharti watoke watu 1,250 kila dakika. Ukigawanya kwa 82, utapata kwamba milango yote ikijumlishwa inahitaji upana wa mita 15 na ushei. Sasa msimamizi akifunga nusu ya milango hiyo ili watu wasiingie bila tiketi, dakika 8 zimekuwa 16. Iwapo kuna moshi, muda huo ni mrefu mno.

Ndiyo sababu milango ya dharura hufunguka kuelekea nje. Mlango unaofunguka kwa ndani hauwezi kuvutwa watu wakishauegemea. Ndiyo sababu pia viti hupewa namba, tiketi huhesabiwa, na watu hugawanywa katika sehemu zenye njia zake, ili umati wa sehemu moja usimiminikie mlango wa sehemu nyingine.

Wengi hudhani kwamba wanaokufa katika msongamano hukanyagwa. Kwa kweli wengi hufa kwa kukosa pumzi, baadhi yao wakiwa bado wamesimama. Watu 4 katika eneo la mita 1 ya mraba bado huweza kujisogeza. Wakifika 6 au 7, mtu hana tena hiari ya miguu yake. Umati humchukua kama maji yachukuavyo gogo, na kifua hubanwa hata kisiweze kupanuka. Walio nyuma hawayaoni hayo, nao huendelea kusukuma bila nia mbaya.

Msiba wa namna hiyo umetufika. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, watu walikusanyika katika jengo la maduka la Freedom City, kwenye barabara ya Entebbe, kuukaribisha mwaka. Walitoka kutazama fataki, na onyesho hilo lilipokwisha msukumano ukatokea. Watu wasiopungua 9 walipoteza maisha, miongoni mwao watoto. Fataki hazikuunguza mtu, wala jengo halikuanguka. Mwendo wa watu wengi kwa wakati mmoja ulitosha kuua.

Upo mfano mwingine, juu tu ya Wandegeya. Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lenye ukumbi uliokusanya vizazi vingi vya wasomi, liliungua Septemba 2020. Moto ulitokea usiku na hakuna aliyekufa. Kulijenga upya kulichukua miaka minne, na lilifunguliwa tena Oktoba 2024. Jengo hurudi, mtu harudi.

Twajua pia kwamba upekuzi mlangoni huwachosha watu. Tunaomba mkumbuke Julai 11, 2010, mabomu yalipowaua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia hapa Kampala, katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mgahawa mmoja wa Kabalagala. Foleni ya upekuzi inatokana na siku ile. Hata hivyo foleni yenyewe yaweza kuwa msongamano. Fikeni mapema, na mwandaaji afungue milango mapema.

Kwa hiyo tunawashauri haya. Ukiingia ukumbini, tazama milango miwili iliyo karibu nawe, kwa kuwa ule ulioingilia huenda ndio utakaojaa kwanza. Kubaliana na wenzako mahali pa kukutana nje. Ukiona mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, mwambie askari palepale. Umati ukianza kubana, kunja mikono mbele ya kifua ili upate nafasi ya kupumua, usiiname kuokota kitu, na ujongee kwa mshazari kuelekea pembeni bila kupambana na mkondo. Mtoto mdogo asipelekwe mbele ya jukwaa.

Kwa wanaovuka mpaka, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuzitembelea nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Piteni katika vituo rasmi. Mtu aliyepita kwa njia ya panya ni vigumu kumtafuta akipatwa na jambo ugenini, na jamaa zake huchelewa kupata habari.

Mwisho, tunawaomba wenyeviti wa LC1 na wazee wa mipakani wayasome haya katika mikutano yao. Mwenye kumbi za video na za harusi vijijini naye ayatafakari, kwani hesabu ya milango haichagui ukubwa wa jengo. Watu 200 katika chumba chenye mlango mmoja wamo hatarini kuliko watu 10,000 katika ukumbi uliosanifiwa vema. Mkiona hatari nchini Uganda, pigeni 999 au 112.