MALTA: KISIWA KIDOGO, MAMBO MAKUBWA

Nilipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa Jiografia aliniuliza Malta iko wapi. Nami bila haya nikajibu, "Mwalimu, hiyo si ni ya kwenye Biblia tu?" Darasa zima likaangua kicheko. Siku hiyo niliapa kukijua kisiwa hicho. Leo nawagawia niliyoyavuna.

Malta iko katikati ya Bahari ya Mediterania, yapata kilomita 90 kusini ya Sicily. Ukijumlisha na visiwa jirani vya Gozo na Comino, eneo lote ni kilomita 316 za mraba. Haifiki hata nusu ya Nairobi! Nchi yenyewe ni ya mawe ya chokaa. Haina milima wala mto wa kudumu, na sehemu ya juu kabisa ni mita 253 tu. Mvua hunyesha majira ya baridi, kiangazi ni jua kali. Maji ni shida. Mengi ya kunywa hutolewa baharini yakaondolewa chumvi.

Wakulima wa kwanza walivuka kutoka Sicily zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Kuanzia mwaka wa 3600 K.K. hivi, vizazi vyao vilijenga mahekalu ya mawe makubwa ajabu, kama lile la Ġgantija kule Gozo. Hawakuwa na chombo chochote cha chuma, lakini waliitangulia piramidi kuu ya Giza kwa miaka kama 1,000! Halafu, kabla ya mwaka wa 2000 K.K., utamaduni huo ukatoweka. Wataalamu hutaja ukame na kuchoka kwa udongo miongoni mwa sababu. Hapo mimi hushtuka. Je, sisi tunaokata miti ovyo na kuacha udongo uoshwe na mvua, tunadhani tutaponea wapi?

Baadaye walikuja Wafoinike, kisha watu wa Carthage, na mwaka wa 218 K.K. Warumi wakakitwaa kisiwa. Ni katika enzi hiyo ya Warumi, yapata mwaka wa 60 B.K., ambapo Mtume Paulo alivunjikiwa na merikebu, na wenyeji wakawawashia moto yeye na wenzake. Kumbe jibu langu halikuwa la upuzi mtupu!

Mwaka wa 870 Waarabu waliingia, nao wakaacha lugha. Wanachama wa Kiswahili, tegeni sikio: Mmalta husema *ktieb*, sisi twasema kitabu. Hamsini kwake ni *ħamsin*, mia ni *mija*, elfu ni *elf*. Jamani, si ni kama binamu zetu hao? Kiarabu kilitukopesha sisi maneno, wao kikawazalia lugha nzima.

Basi, ndugu zangu, mkiona nukta ndogo kwenye ramani msiipite tu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi yangu ilishaota, mbele ya darasa zima!